Tulimfundisha Mpaka Akafaulu

Katika matanga ya Mama Kevin, kwenye ukumbi wa parokia huko Garland, mwanamke kijana aitwaye Solange alinivuta pembeni, karibu na meza ya chakula, akaniomba nimfundishe mtoto wake namna ya kufaulu. Mtoto mwenyewe alikuwa chini ya meza ileile, mwenye miaka kama sita hivi, anapanga vijiko vya plastiki vyote vielekee upande mmoja, na kila aliyekuja kuchukua wali alilazimika kuruka kidogo asije akavikanyaga. "Dada Aline," Solange aliniambia, "wiki inayokuya watu ya shule watamupima. Wananiambia wewe njo ulimutayarisha Fiston zamani, mpaka akajibu yote. Nisaidie. Aangalie watu ku macho tu, hata kidogo." Nilikuwa nimeshika sahani ya sombe, yaani kisamvu, na ndagala. Niliiweka mezani. Nilimwambia anisubiri nikasaidie kuosha vikombe. Jikoni nilifungua bomba, nikasimama pale maji yakimwagika juu ya vikombe vilivyokwisha kuoshwa, nikamkumbuka marehemu akinicheka kwa nguvu, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nina miaka ishirini na sita, umri ambao watu wengi hawajafikiria kuandika kumbukumbu, na aya hii nimeifuta na kuiandika upya mpaka nimeanza kuichukia. Ndivyo nilivyo. Siwezi kutuma ujumbe wa simu bila kuusoma tena na tena. Siwezi kuingia dukani bila kufanya mazoezi ya sentensi nitakayomwambia mtu wa kaunta, na akiniuliza jambo ambalo sikulitarajia natoka bila kununua. Mengi ninayoyajua nilijifundisha peke yangu, kwa kusoma kila kilichoingia nyumbani kwetu, kuanzia maelezo ya nyuma ya pakiti za unga hadi vijitabu vya bima, maana niliogopa siku moja nitaulizwa nisilolijua. Nasema haya mapema ili ieleweke ni nani aliyepewa kazi ya kumfundisha Fiston. Mtu angetafuta Houston nzima, tulikoishi wakati ule, mwalimu wa kumwonyesha mtoto namna ya kuonekana sawa na wengine, asingempata aliye hodari kuliko mimi. Kazi hiyo nilikuwa nimejifanyia mwenyewe tangu utotoni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, mdogo wangu Fiston alikuwa na tisa. Tulikaa mtaa wa Sharpstown, ghorofa ya pili, mlango wetu ukitazama maegesho ya magari. Sebule ilikuwa na kochi moja la kijani, meza ya kulia iliyotiwa kipande cha kigae chini ya mguu mmoja isiyumbe, na kiyoyozi cha dirishani kilichounguruma mchana kutwa. Fiston alikipenda kiyoyozi kile kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo mama alivyopenda kutania. Akitoka shule aliegemeza shavu kwenye ubavu wake, akafumba macho, akabaki hapo mpaka mtetemo umwenee mwilini. Hakutaka kuguswa mgongoni. Alikula bugali kwanza mpaka iishe, kisha sombe, kisha samaki, na vitu hivyo vikigusana sahani ilirudi jikoni. Aliweza kukutajia namba ya kila basi lililopita barabarani tangu asubuhi. "Huyu mutoto iko na akili ya ajabu," mama alisema kila wageni walipokuja, na wageni waliitikia, kisha wakatazama vikombe vyao.

Shule ilipiga simu. Mama alikuwa ghalani akifungasha bidhaa, na huko simu zilifungiwa kabatini mpaka mapumziko, kwa hiyo simu ilikuja kwangu: njoo umchukue. Kengele imelia, ameingia chini ya dawati, mwalimu amemshika mkono, naye amemuuma. Siku nyingine: hataki kukaa, amezunguka darasa zima akigusa kila kiti, ameambiwa aache, amerusha kiti. Niliweza kwenda kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari bila kwenda chuo. Insha ya maombi haikuwa imekamilika jinsi nilivyotaka, na siku ya mwisho ilinipita nikiwa bado naisahihisha. Nilimkuta Fiston ofisini, ameziba masikio, anataja namba za mabasi kwa sauti ndogo. Msaidizi wa mwalimu mkuu, mwanamume mwenye tai fupi na sauti ya upole kabisa, aliniambia kwamba ikiendelea hivi mtoto atahamishiwa shule ya nidhamu. Shule hiyo niliijua. Watoto wa apatimenti zetu waliopelekwa huko walikaguliwa mifuko kila asubuhi na kutembea kwa mstari mikono ikiwa nyuma. Nilimwona akilini Fiston, asiyevumilia hata mkono wa mama begani, akipapaswa na mtu asiyemjua kila siku ya Mungu. Basi hilo ndilo lililotukosesha usingizi mwaka ule: abaki darasani akisaidiwa, au apelekwe kule.

Mwalimu wake wa darasa, dada mmoja mnyamavu aliyempenda, ndiye aliyeomba apimwe kwanza. Tuliambiwa mtaalamu wa shule atakaa na Fiston, atamuuliza maswali, atazungumza na mama, kisha ataandika ripoti kama ana usonji au tatizo la umakini. Mama alikuwa anasonga bugali nilipomweleza. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. "Njo interview," alisema. Nikasema si vile, mama. "Mutu anakuya, anauliza maswali, anaandika, anaenda kuamua. Hiyo inaitwa namna gani?"

Waliopita kambi za wakimbizi hawahitaji maelezo. Kwa wengine, ni hivi: kule, kabla ya familia kupewa nchi ya kwenda, kila mmoja aliitwa ofisini peke yake, hata mtoto, akaulizwa. Siku mlipokimbia nani alitangulia kutoka? Mlango wa nyumba ulikuwa na rangi gani? Hatukufundishwa uongo. Tulifundishwa ukweli wetu wenyewe, ila ukweli huo ulipaswa kutoka vinywani mwetu ukiwa na sura moja, maana mtoto mmoja akisema mlango ulikuwa wa bluu na mwingine akasema wa kijani, faili la familia nzima lilirudi chini ya rundo, na chini ya rundo watu walizeeka. Kwa hiyo mama alitukalisha mkekani akatuuliza, tukajibu, akatuuliza tena, na aliyejiumauma alianza upya. Mtu aliyefika Amerika kwa njia hiyo, ukimwambia kuna ofisa anakuja kumuuliza mtoto wake maswali, hamwachi mtoto aende hivihivi. Angekuwa mzazi wa namna gani?

Nilimfundishia Fiston kwenye kochi la kijani, kila siku baada ya chai. Nilimwonyesha aweke mikono chini ya mapaja isirukeruke. Nilimwambia asubiri mtu amalize swali, avute pumzi, ndipo ajibu. Kuhusu macho nilimpa siri yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu: usiangalie macho, angalia hapa, katikati ya nyusi, mtu hawezi kujua. Nikamtungia majibu, kwa Kiingereza. Naitwa Fiston. Nina miaka tisa. Ninapenda shule. Rafiki yangu ni Kevin. Kevin alikuwa mtoto wa jirani yetu wa chini, ana miaka kumi na miwili, na urafiki wao wote ulikuwa kwamba wote wawili walichukia mlio wa lori la takataka. Fiston alishika kila kitu. Alishika hata vituo vyangu vya kupumua. Akimaliza bila kosa alirudi kwenye kiyoyozi chake, nami nilikaa pale kochini nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Siku yenyewe nilisubiri nje ya mlango, na mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia akijibu. Kisha nikamsikia mama akizungumza na mtaalamu kupitia mkalimani wa kwenye simu, mwanamume mwenye Kiswahili laini cha pwani, kilichonyooka kama cha redioni, na kwa heshima ya Kiswahili kile mama alikubali kila alichoulizwa. Je, mtoto wako hucheza na wenzake? Ndiyo. Je, hulala vizuri? Ndiyo. Je, hubadilika na mazingira mapya bila taabu? "Ndiyo, Bwana, asante." Tuliporudi nyumbani Fiston aliingia ndani ya beseni la kuogea na viatu vyake, akavuta pazia. Hakusema neno mpaka kesho yake jioni. Mama alimwekea bugali peke yake kwenye ukingo wa beseni, kisha sombe peke yake, kisha samaki.

Ripoti ilisomwa katika chumba chenye meza ndefu na boksi la tishu katikati. Mratibu, mama mmoja aliyepachika miwani nyweleni, alianza kwa kusema ana habari njema. Fiston hana usonji. Umakini wake ni wa kawaida kwa mtoto anayejifunza lugha mpya. Anaangalia watu machoni. Ana rafiki. Vurugu zake zinatokana na kutozoea taratibu, na nyumbani tungesaidia tukiwa na msimamo. Mama aliunganisha mikono akawashukuru mmoja mmoja. Ndipo yule mwenye tai fupi akasema, kwa upole uleule, kwamba kwa kuwa sasa imethibitishwa mtoto hana ulemavu, kanuni zitamhusu kama zinavyowahusu wenzake, na kosa linalofuata litampeleka shule ya nidhamu. Nilimtafsiria mama. Alibaki ameunganisha mikono. Tulikuwa tumefaulu.

Wapo watakaosoma hapa na kusema tulijiponza wenyewe. Nimelisikia hilo, hata kwa watu wa kanisani, na sitaliombea radhi. Mtaalamu aliyekaa na mtoto asubuhi moja, akamwona amekalia mikono yake na kujibu kama kanda, akaandika kwamba kila kitu ni shwari, naye alikuwa na kazi yake ya kufanya. Sisi yetu tulikuwa tumeifanya vizuri mno.

Chumba cha kufulia cha apatimenti zetu kilikuwa nyuma, karibu na mapipa, na ndani yake kulikuwa na joto la sabuni na mashine zilizogonga kama zina mtu ndani. Nilikwenda siku ambayo nilijua hakuna watu. Mama Kevin alikuwepo. Alikuwa Mrundi, mpana, mfanyakazi wa kutandika vyumba hotelini, na alizungumza na simu ameiweka juu ya mashine, sauti imefunguliwa, kana kwamba anahutubia mkutano. "Nilikataa mimi!" alikuwa anamwambia rafiki yake wa Garland. "Nikawaambia, karatasi yenu nzuri, picha ya shule iko juu, lakini huyo mtoto mliyeandika humu mimi simjui. Wangu yuko nyumbani, anakula sabuni." Simu ikacheka. "Wakanipa daktari wa nje, si wa kwao. Nani alilipa? Wao! Pesa ya umma, mama, hata wewe uko ndani, na kodi yako ile wanayokukata." Nilisimama na mashuka yangu machafu, nikashindwa kuendelea wala kurudi. Akaniona. "Ehe, wewe binti wa juu, unayetembea kama umeiba kuku. Ingia. Unasikiliza, basi sikiliza vizuri."

Alinieleza huku tukikunja mashuka yake, yale yaliyochakaa ambayo hoteli ilikuwa imempa. Shule ikishapima na mzazi hakubaliani, mzazi ana haki ya kudai tathmini huru, ya mtu asiyeajiriwa na shule, na wilaya ya shule ndiyo inayolipa. Wasipotaka kulipa, waende kwa jaji wakatetee kazi yao. "Na wewe umeshaona mtu anapenda kwenda kwa jaji?" Nilimuuliza kama tutalazimika kueleza sababu. "Wanaweza kuuliza. Wewe unaweza kunyamaza. Sema tu hapana. Unajua kusema hapana?" Nikamwambia ndiyo. Alinicheka mpaka akashika mashine. Nilirudi juu nikatafuta kijitabu cha haki za wazazi walichotupa siku ya ripoti, ambacho mama alikuwa amekiweka pamoja na Biblia kwa sababu kilionekana cha maana, nikasoma chote, nikaona hakuna neno alilokosea.

Mama alikataa. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba kambini aliyelikataa jibu la ofisi hakuliona faili lake tena, na yeye hakubeba watoto mpaka hapa ili akagombane na watu wenye kompyuta. Jumapili pasta wa kanisa letu alikuja kula kwetu, mtu mwema, mcheshi, aliyetusaidia kupata hata lile kochi, na mama akampelekea shauri. Alisikiliza akitafuna. "Mama Aline," akasema, "serikali ya Amerika imekwambia mutoto yako ni muzima. Donc wewe unataka kubishana nayo, ikwambie ni mugonjwa? Watu wanaomba Mungu miujiza, wewe unairudisha!" Watu mezani wakacheka, na mama akacheka pia, kwa heshima ya wageni. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Pasta, hakuna aliyesema mgonjwa." Sikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi ile na ilitoka nyembamba, ikakatika katikati. Pasta akanitazama kwa huruma, kisha akamgeukia Fiston. "Fiston, mwanangu. Uko mugonjwa, wewe?"

Fiston aliweka kijiko chini. Akaingiza mikono chini ya mapaja, akavuta pumzi pale pale nilipomwekea pumzi, akamtazama pasta katikati ya nyusi. Naitwa Fiston. Nina miaka tisa. Ninapenda shule. Rafiki yangu ni Kevin. Pasta alipiga makofi. "Munaona? Muzima kabisa!" Wageni wakapiga makofi pia. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa Fiston, upande ambao mapaja yake yalionekana, na nilimwona akiangalia chini. Mtoto alikuwa anajifinya kwa vidole vyote, kwa nguvu, na pale kaptula ilipoishia ngozi ilikuwa na alama za zamani, nyeusi, na mpya juu ya za zamani. Alama zile za zamani ziliota kwenye kochi la kijani, mimi nikiwa nimekaa mbele yake nikihesabu makosa. Mama aliinuka akaanza kukusanya sahani wakati pasta bado ana nyama kwenye yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya na sijamwona tena. Alipopita nyuma yangu akasema polepole, "Kesho tunaenda ku shule. Utafasiri yenye nitasema. Usiongeze kitu, usipunguze."

Chumba kilikuwa kilekile, na boksi la tishu lilelile. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha ibada na viatu vya kazini. Mratibu alishusha miwani kutoka nyweleni akatuuliza atusaidie nini, na kabla sijafungua mdomo mama alisema kwa Kiingereza chake, "No. We no agree." Kisha akanigeukia, nikadai tathmini huru kwa gharama ya umma, maneno niliyoyakariri njia nzima. Mratibu akauliza, kwa adabu, kama tungependa kueleza tatizo la ripoti yao. Niligeuka nikamwambia mama si lazima ajibu, sheria haimlazimishi. Akasema anajua. Akasema, "Mwambie mutoto yenye walipima, tulimutengeneza. Tulimufundisha kukaa, tukamufundisha kujibu, tukamufundisha kuangalia. Mwambie tulifanya vile sababu tuliwaogopa. Leo siwaogopi. Wamuangalie mutoto yangu, ule wa kweli."

Nilijua sentensi ile ingetufanya nini kule tulikotoka. Faili lingefungwa kabla hatujafika mlangoni. Nikatafsiri yote, hata lile la kuogopa, hata lile la leo. Mwenye tai fupi alifungua kinywa, mratibu akamwekea mkono hewani, akaandika kwa muda mrefu. Aliinua kichwa akasema wataleta jibu. Nje, kwenye joto la maegesho, mama alijishika kwenye gari la mtu akatapika. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akasema ana njaa.

Hawakwenda kwa jaji. Walikubali kulipa, wakatupa majina ya wataalamu wa nje, tukachagua mwanamke mmoja mwenye ofisi katika mji wa Katy kwa sababu Mama Kevin alisema huyo hukaa sakafuni. Ni Mama Kevin aliyetupeleka kwa gari lake. Asubuhi ile nilimkuta mama amesimama mlangoni mwa chumba cha Fiston kama askari. "Leo hakuna kumufundisha kitu," aliniambia. "Hata bonjour." Nilikaa kiti cha nyuma nikitafuna mkono wa sweta, na Fiston akataja namba ya kila njia ya kutokea kwenye barabara kuu, kutoka kwetu mpaka kwenye zile nyumba mpya zinazofanana, na Mama Kevin akawa anaitikia kila namba "Amina!" mpaka Fiston akatoa sauti fulani kooni ambayo kwake ndiyo kicheko.

Kweli mwanamke yule alikaa sakafuni. Fiston alimtazama katikati ya nyusi akamwambia anaitwa nani, ana miaka mingapi, anapenda nini na rafiki yake ni nani. Kisha majibu yakaisha. Yule mwanamke hakuuliza kingine. Alisubiri, na hakuonekana kuumizwa na ukimya. Fiston akaingia chini ya meza. Mwanamke akausukumia huko chini mfuko wa mawe ya rangirangi, na mlango ukafungwa. Tulirudi siku ya pili pia. Safari hii mkalimani alikuwa ameketi chumbani pamoja na mama, baba mmoja wa kwetu, na mama aliposema jambo mkalimani aliitikia kwa kichwa kwa kulijua kabla ya kulitafsiri. Mama alizungumza mpaka sauti ikakauka, akaeleza kiyoyozi, na beseni, na samaki asiyegusana na sombe. Alipotoka alionekana mdogo, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Yule mtaalamu alikuja kunishukuru kwa kusubiri. Nikamjibu vizuri, nimeketi vizuri. Aligusa katikati ya nyusi zake, akaniuliza kwa upole, "Na wewe, nani alikufundisha kuangalia hapa?" Nikasema hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini kwake. Nilikuja kwenda kupimwa mwenyewe, miaka baadaye, sisi na kina Kevin tukiwa tumehamia Garland, na sikujiandaa, au nilijaribu sana kutojiandaa.

Ripoti ya yule mwanamke kuhusu Fiston ilisema usonji, na ilisema pia tatizo la umakini, na ilisema kwa maneno ya wazi kwamba mtoto huyu hutumia nguvu zake zote kujificha, na nguvu hizo zikiisha ndipo kiti huruka. Kamati iliketi. Mwenye tai fupi alisaini akiwa hajamtazama mtu. Fiston alibaki darasani. Alipewa vya kuziba masikio, akaanza kuonywa kabla ya kengele, akapewa mtu mzima mmoja aliyeambiwa asimguse. Siku mbaya hazikwisha. Lakini simu ilipolia mchana, nilianza kuipokea nikiwa nimeketi.

Nilifunga bomba la jikoni, nikarudi ukumbini. Solange alikuwa amenisubiri palepale. Fiston, sasa ana miaka kumi na saba na ananizidi urefu, alikuwa anakusanya viti na kuvipanga ukutani kwa rangi, hedifoni masikioni, na Kevin mwenyewe, mfiwa, alikuwa anamsaidia bila wao kusemeshana. Nilianza kumweleza Solange. Nikasema nitakuja kwako kabla ya siku hiyo, ila sitamfundisha chochote; nitakaa na wewe tukumbuke kila kitu anachofanya nyumbani, hata kile unachoona haya kukisema, na hicho ndicho utakachowaambia. Wakipima vibaya utakataa, nami nitakuja kukataa pamoja na wewe. Solange alinitazama kwa mashaka. "Mais, Dada, hata macho? Kidogo tu. Wasimuone vibaya."

Fiston alikuwa amefika na viti vyake karibu nasi. Aliinama, akachungulia vijiko chini ya meza, akasogeza kimoja kilichopinda kidogo, na yule mtoto akakubali. Bila kumtazama yeyote, akasema kwa Kiswahili cha mama, "Usimufundishe. Atashika yote."

Kisha akabeba viti vyake akaenda.